Picha ya Stesheni Isiyo na Watu

Siku mshonaji wa magunia alipoambiwa kwamba hayupo, alikuwa amesimama wima mbele ya baraza zima la mji, shazia yake ameichomeka kwenye kilemba kama kawaida. Shazia ni ile sindano nene ya kushonea magunia, na yake ilikuwa imeshatoboa magunia mengi kuliko panya wote wa mji wakijumlishwa na wajukuu zao. Tena alikuwa akisema. Alikuwa akisema kwa sauti ya kumtoa kobe gambani, ndiyo maana watu waliokuwa wamekaa nyuma walitazamana: mtu asiyekuwepo anatoaje kelele zote zile?

Walimwita Cherehani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, bila shaka, ila alikuwa na kasi ya maneno kiasi kwamba kila alipojitambulisha hakuna aliyelinasa. Wanaomheshimu walimwita Shangazi Cherehani. Wasiomheshimu hawakumwita kabisa, walipita mbali.

Aliyesema hayupo alikuwa mkuu wa stesheni, Bwana Stesheni, mwanamume mwenye filimbi shingoni na vifungo vya shaba vilivyopanda mpaka kooni. Na hakusema kwa maneno matupu. Alikuwa amekuja na picha.

Enzi hizo picha ilikuwa jambo la kuvuliwa kofia. Hii ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati, ndani ya fremu ya mbao iliyopigwa rangi ya ng'aring'ari, nao wazee wa baraza waliiegemeza ukutani na kuisogelea kwa adabu, kama watu wanaokaribia mgonjwa. Ilionyesha stesheni mpya: paa la vioo, nguzo za chuma zimejipanga kama askari waliokula vizuri, reli zikikimbilia mbali mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi. Pembeni, kandokando ya jukwaa la abiria, safu ya mabanda. Kila ubao ulionekana, na kila msumari uliopinda. Mtu hata mmoja hakuna.

"Waheshimiwa," alisema Bwana Stesheni, "picha hii imepigwa mchana kweupe, siku ya kazi. Mabanda mnayaona. Watu mnawaona? Hayo ni magofu. Sheria ya mji inasema banda lenye watu haliguswi, gofu linavunjwa. Shirika la Reli linaomba ruhusa livunje, lipande bustani ya maua. Stesheni ni uso wa mji, na uso hauachiwi chunusi."

"Chunusi?" Cherehani aliruka. "Mimi chunusi? Banda lile alishonea baba yangu kabla reli yenu haijawa hata ndoto! Wanangu wawili nimewazalia mle ndani, wa pili nilimzaa nikiwa nimeshika gunia, na gunia nilimaliza! Siku ya hiyo picha tulikuwepo wote, mahamali, muuza chai, mfua bati, wote! Mimi nilivaa nguo niliyomwozeshea mdogo wangu. Nikapita mbele ya lile sanduku la picha, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ili lisinikose!"

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, si mbaya wala si mwepesi. Aliinua mkono. "Mama, tulia. Kama ulikuwepo, njoo ujionyeshe."

Cherehani akaenda. Akaibandika pua kwenye kioo cha fremu. Akatafuta mbele ya banda lake, pale pale alipopita na kurudi mpaka visigino vikamuuma. Palikuwa na kaukungu kepesi tu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo cha kunyolea. Akawatafuta mahamali waliokuwa wakirusha kofia. Kaukungu. Muuza chai aliyekuwa akipunga birika. Hewa. Akaanza kutafuta upya, kutoka banda la kwanza.

Halafu akamwona mumewe.

"Yule!" akapiga kelele. "Juu ya lundo la magunia! Mguu unaning'inia! Yule ni mume wangu amelala!"

Bwana Stesheni akainama, akatazama kwa utulivu. "Mama, ule ni mzigo usio na mwenyewe. Tumeshauandikia kumbukumbu."

Baraza likacheka. Siku nyingine Cherehani angecheka nao, maana katika ndoa yake yote hakuna aliyewahi kumwelezea mume yule kwa usahihi zaidi. Lakini siku hiyo kicheko kilimchoma kama shazia chini ya ukucha.

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," alisema Mwenyekiti. "Lakini sitaki mtu aseme baraza langu lina haraka. Wakubwa wa Shirika wanakuja kuzindua saa ya stesheni, na picha nyingine itapigwa hapo hapo. Ikionyesha watu kwenye mabanda, mabanda yatabaki. Isipoonyesha, yatavunjwa. Picha haina shemeji wala rafiki."

"Nimekubali," alisema Bwana Stesheni papo hapo, huku anatabasamu.

Cherehani alirudi nyumbani akilitafuna tabasamu lile njia nzima. Aliijua biashara. Mnunuzi akikubali bei upesi, ujue anajua kitu ambacho wewe hukijui.

*

Bandani kulinuka katani na nta ya uzi. Magunia yaliyochanika yalikuwa upande wa kushoto, yaliyoponywa upande wa kulia, na katikati njia nyembamba ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Mumewe alikuwa juu ya yaliyoponywa, maana yalikuwa laini zaidi.

"Habari ya baraza?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Wamesema wewe ni mzigo."

"Hilo ulishaniambia wewe mwaka tuliooana. Wamesema nini kipya?"

Akamweleza. Mume akasikiliza mpaka mwisho, akageukia ubavu wa pili, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na mtu mwingine kuruka dirishani. "Kwa hiyo kwenye picha nimo?"

"Umo peke yako! Watu wote wa safu hii wanaohangaika kuanzia alfajiri hawamo, umo wewe! Kwa mara ya kwanza mume wangu umefanya kazi, na umeifanya umelala!"

Kabla hajajibu, mlango ulizibwa na mtu mrefu, mwembamba, vidole vyeusi kwa dawa. Alikuwa mpiga picha, ambaye mahamali walimwita Bwana Kitambaa kwa sababu nusu ya mwili wake ilikuwa daima chini ya kitambaa cheusi cha sanduku lake. Kitambaa chenyewe alikuwa amekikunja kwapani.

"Samahani, mama. Nimeambiwa wewe ndiye fundi. Kimetoboka. Mwanga unapenya, unaniharibia vioo."

Cherehani alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akakiweka chini, akakikalia.

"Sikishoni," akasema, "na wala sikurudishii, mpaka uniambie umenipeleka wapi."

"Nimekupeleka wapi?"

"Nilipita mbele ya sanduku lako mzima, na nguo yangu nzuri. Sasa simo. Umenitia wapi? Niko mfukoni? Uko nami nyumbani? Sema, mume wangu yupo hapa, ingawa usimtegemee kuamka."

Bwana Kitambaa alitazama mlango, akatazama kitambaa chake kilipo, akaona bila kitambaa mlango haumfai. Akakaa juu ya gunia, akasema ukweli. Sanduku lile, alisema, lina jicho moja, na jicho lenyewe ni zito. Kioo kilichopakwa dawa kinakula mwanga polepole, kama mzee asiye na meno anavyokula muwa. Kitu kikisimama mbele yake, kitamezwa. Kitu kikipita, kinakuwa kimeshaondoka kabla hakijatafunwa. Paa na nguzo hazina safari, kwa hiyo zinatoka vizuri. Mtu mwenye kazi hatoki.

"Kwa hiyo unatakiwa kusimama kwa muda gani?"

"Chini ya paa lile, pana kivuli, ni kama..."

"Miayo mitatu," ilisema sauti kutoka juu ya magunia. "Siku ile nilimsikia akifungua kifuniko. Nikataka kupiga mwayo, nikaona kazi. Nikataka wa pili, wa tatu, nikaona kazi vilevile. Ndipo akasema 'tayari.'"

Bwana Kitambaa alimtazama kwa mshangao. "Ni hivyo hasa."

"Na Bwana Stesheni anayajua haya?" aliuliza Cherehani.

Mpiga picha akajikuna shingo kwa kidole cheusi. "Anayajua. Siku ile nilitaka kuwaambia watulie. Akaniambia, waache wachezecheze, watajifuta wenyewe." Akashusha sauti. "Mama, nikwambie kitu. Mimi nimepiga stesheni nyingi kuliko nilivyopiga maharusi. Picha ya stesheni haipigwi kwa ajili ya stesheni. Inapelekwa kwa wakubwa, mbali huko, wanaitundika ukutani, wanaitazama wanasema: hiyo ndiyo kesho. Paa la vioo, reli zimenyooka, saa inakwenda. Kesho safi. Haina jasho, haina viraka."

"Na hiyo kesho isiyo na viraka," Cherehani alisema, "nafaka yake itabebwa kwenye nini? Kwenye mikono ya wakubwa?"

"Mimi napiga tu kilichopo."

"Hupigi kilichopo, baba. Unapiga kilichosimama."

Akaondoka juu ya kitambaa, akachomoa shazia kichwani, akakishona kwa mshono wa magunia ya mtama, ule usiopitisha hata punje, sembuse mwanga.

*

Jioni hiyo safu nzima ilikusanyika bandani, yaani walioenea waliingia na wengine wakaingiza vichwa. Cherehani akawaeleza. Ilionekana rahisi. Kusimama tu! Nani asiyejua kusimama? Mkuu wa mahamali, aliyeitwa Jabali kwa sababu alibeba kabati la droo nne kama mtu anayebeba kofia, alisema yeye atasimama mpaka reli ipate kutu.

Wakajaribu. Jabali alijikuna sikio. Muuza chai alicheka Jabali alivyojikuna. Mfua bati mikono yake ilikuwa imezoea kugonga, ikawa inagonga hewani bila nyundo. Na Cherehani mwenyewe alikuwa wa mwisho darasani, kwani alimkemea kila aliyetikisika, na kila alipokemea alitikisika kuliko wote.

"Shangazi," alisema Jabali, "kwa heshima zote, mdomo wako hauna breki."

"Breki ninazo, sijapata mteremko unaostahili!"

Ndipo mumewe akainuka na kukaa. Watu waligeuka wote, maana wengine hawakuwahi kujua kama anakunjika katikati.

"Mnakosea," akasema. "Ninyi mnajizuia. Anayejizuia anafanya kazi, na kazi inatikisa. Kutulia si kujizuia. Kutulia ni kuacha. Nimelifanyia hili jambo utafiti wa miaka."

"Tufundishe basi, shemeji Mzigo," alisema muuza chai, na tangu siku hiyo jina likamkaa.

Akawafundisha. Kila jioni, kazi zikiisha, kukawa na shule ya uvivu, na mwalimu akiwa amejilaza. Mikono, alisema, msiitafutie pa kuiweka, iacheni ijitafutie. Pumueni kama mtu aliyekwisha kula. Inzi akitua puani, mwoneeni huruma, yeye ndiye mwenye safari. "Na mtu akikuita," alisema, "usimkatalie. Kukataa ni kazi. Wewe usiende, basi."

Jabali alilirudia hilo taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichowahi kula. "Usimkatalie. Usiende, basi." Watu walitazamana. Maisha yao yote walikuwa wamekwenda kila walipoitwa.

Kwa mkewe Mzigo alikuwa na dawa ya peke yake. "Wewe huwezi kunyamaza bila kufanya kitu. Kwa hiyo shona. Shona moyoni. Neno likipanda, lipige mshono, vuta uzi, kaza."

"Na likiwa neno kubwa?"

"Gunia likichanika sana huwa unafanya nini?"

"Naongeza kiraka."

"Basi."

Alimtazama mumewe upya. Kumbe mtu anaweza kulala miaka yote hiyo, na ndani yake kuna mwalimu aliyekuwa mvivu tu wa kutoka nje.

*

Siku ya saa ilipofika, stesheni ilioshwa mpaka ikawa na uso wa mtu aliyekopa suti. Wakubwa wa Shirika walikaa kwenye viti chini ya saa mpya, na nyuma ya kila kiti kulikuwa na chuma chenye makucha ya kushikilia shingo, ili mkubwa asitikisike. Watu wa mabanda hawakuletewa vyuma. Shingo zao walikuja nazo wenyewe.

Walisimama kila mmoja mbele ya banda lake. Jabali na mahamali wenzake, mikono imejitafutia mahali pake. Muuza chai na birika. Mfua bati ameacha nyundo nyumbani kwa usalama. Cherehani mbele ya banda lake, gunia mkono mmoja. Na kando yake mumewe alisimama. Amesimama kwa miguu yake, mchana. Mwanamke mmoja wa safu aliwaita wanawe waje waone.

Bwana Stesheni alipita mbele yao akitabasamu lile tabasamu lake. "Pendezeni, pendezeni," alisema. "Tutaona."

Bwana Kitambaa akaingia chini ya kitambaa, akatoka, akashika kifuniko cha jicho la sanduku. Akakivua.

Na pale pale Bwana Stesheni akapuliza filimbi, na treni ikaingia.

Alikuwa ameipanga. Treni iliyojaa, abiria wenye masanduku, mafurushi, vitanda na majiko, wote wakishuka kwa pamoja wakiita: "Hamali! Hamali! Huku!" Kwa hamali sauti ile si sauti, ni kamba iliyofungwa goti. Magoti ya Jabali yaliisikia. Lakini Jabali hakukataa. Hakwenda, basi.

"Wewe kaka, ni kiziwi?" aliuliza mama mmoja mwenye vifurushi mpaka kidevuni. Jabali alimtazama kama ukuta unavyotazama mvua. Mwingine aliomba chai, akaomba tena, akainusa birika, akaondoka akisema mji huu una sanamu nzuri ila hazina adabu.

Miayo mitatu ilikuwa imekaribia kwisha, na hapo wingu likatanda juu ya paa la vioo. Mwanga ukapungua. Bwana Kitambaa alitazama juu. Akatazama safu. Kifuniko kilikuwa mkononi mwake, angeweza kukirudisha na kusema picha imeharibika, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukirudisha. Aliacha jicho wazi.

Bwana Stesheni alianza kukimbia. "Kazini! Mnangoja nini? Mmefukuzwa! Wote mmefukuzwa!" Alikwenda huku na huku mbele ya mabanda, mikono ikipunga, vifungo vikitoa cheche. Mahamali wote walikuwa wakila kwa ujira wa Shirika, na neno lile lilikuwa zito kuliko kabati la droo. Lakini hakuna aliyetikisika. Mkubwa mmoja kitini alipiga chafya. Hamali hata mmoja hakupiga.

Ndipo akamjia Cherehani. Alijua pa kubomolea ukuta. Alisimama karibu kiasi kwamba harufu ya mafuta ya nywele zake ilimwingia puani.

"Cherehani! Leo uzi umekatika? Sema basi!" Akalipiga teke lundo la magunia yaliyoponywa, yakatawanyika jukwaani, abiria wakayakanyaga. Neno likapanda kifuani mwa Cherehani. Akalipiga mshono. "Hili ndilo kasri unaloligombania?" Neno lingine, kubwa zaidi. Mshono, vuta, kaza. Bwana Stesheni akashusha sauti, akasema karibu na sikio: "Baba yako alikufia kwenye vumbi hili. Nani anamkumbuka? Hata wewe ukifa, watapanda ua hapa."

Lile halikuwa tundu dogo. Lile lilichana gunia toka mdomo hadi kitako. Lilipanda kooni kama treni inayopanda mlima, likijaza moshi mpaka machoni, na Cherehani akaweka kiraka juu yake, na juu ya kiraka kiraka kingine, akashona kwa uzi wa mara mbili, huku uso wake umetulia kama maji mtungini. Chozi moja lilitoka bila ruhusa. Liliteremka likaenda zake. Alikuwa amesimama kidete kando ya mumewe, na mumewe, bila kumtazama, alipumua taratibu kama mtu aliyekwisha kula, ili mkewe apate wa kumwiga.

Wingu likapita.

"Tayari!" Bwana Kitambaa akarudisha kifuniko.

Yaliyofuata yalisikika mpaka mtaa wa pili. Cherehani alifungua mdomo, na mishono yote ikafumuka kwa mpigo. Alimwambia Bwana Stesheni habari za filimbi yake, za vifungo vyake, za tabasamu lake, za maua yake, na za baba wa mtu ambaye hatajwi kwa mdomo usiosukutuliwa. Wanasema dereva wa treni alichelewa kuondoka kwa makusudi, asikose mwisho.

*

Picha ya pili ilipowekwa mbele ya baraza, wazee waliisogelea wote kwa pamoja. Treni ilikuwa moshi. Abiria wote pamoja na vitanda vyao walikuwa ukungu. Mkubwa aliyepiga chafya alikuwa na vichwa viwili. Na kandokando ya jukwaa walisimama watu wa mabanda, safu nzima, wazi kiasi cha kuhesabika vifungo vya mashati na vile visivyokuwepo. Ndio pekee waliokuwa na uzito katika stesheni nzima. Mbele yao palikuwa na wingu dogo linalokwenda huku na huku, lenye alama kadhaa za mng'ao wa shaba.

Bwana Stesheni alilitambua wingu lile kabla ya wengine, akabadilika rangi. Lakini hakuwa mtu wa kufa na risasi mfukoni.

"Waheshimiwa," alisema, "mtazameni mwanamke huyu wa kwenye picha. Ametulia. Amefunga mdomo. Ninyi nyote mnamfahamu Cherehani. Mmewahi kumwona amefunga mdomo? Huyu si yeye! Wamesimamisha watu wa kukodi!"

Watu wakaguna. Ilikuwa hoja yenye miguu. Hata Jabali aliisogelea picha akaonekana kuwa na mashaka kidogo.

Mwenyekiti alirekebisha kamba ya miwani. "Mama, simama kando ya picha, funga mdomo, utulie kama pale. Tulinganishe."

Lilikuwa jambo dogo. Mumewe alimwangalia, safu nzima ilimwangalia, kila mtu akimwomba kwa macho: miayo mitatu tu, Shangazi, na banda ni letu.

"Sifungi," alisema Cherehani.

"Mama..."

"Sifungi, Mheshimiwa. Nisamehe, wewe ni mkubwa wangu, lakini sifungi. Kwenye picha ya kwanza nilikuwa nasema, mkaniambia sipo. Kwenye ya pili nimenyamaza, mnaniambia si mimi. Sasa ninyi mnamtaka mwanamke wa namna gani? Nimeshatukanwa nikiwa nimefunga mdomo, mara moja inanitosha mpaka kaburini. Na wewe hukusema picha ionyeshe Cherehani. Ulisema ionyeshe watu. Baraza zima lilisikia. Basi hesabuni watu, achaneni na midomo! Wapo au hawapo?"

Mzee aligeukia picha. Aliwatazama wale waliosimama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na jinsi alivyokuwa mzito hakuna aliyejua anakwenda wapi mpaka alipofika.

"Wapo," alisema.

"Lakini walikuwa wamegoma!" alipiga kelele Bwana Stesheni. "Nilikuwa nawafukuza!"

"Kwenye picha simwoni anayefukuza mtu," alisema Mwenyekiti. "Naona watu wako mabandani kwao. Mabanda yanabaki."

Shirika halikufurahi, na mashirika yasipofurahi huonyesha. Mahamali walikatwa ujira wa siku ile ya picha, wakaenda ofisini wote kwa pamoja kuulizia, wakasimama mlangoni bila kusema neno, wametulia kwa ustadi wa kutisha, mpaka karani mwenyewe akaomba wapewe haki yao ili apate njia ya kwenda chooni. Kuanzia hapo Bwana Stesheni alipowaona wametulia zaidi ya mwayo mmoja, alianza kutoka jasho.

Wiki iliyofuata Bwana Kitambaa alikuja bandani na sanduku lake la miguu mitatu. Alimkuta Cherehani chini, katikati ya magunia yaliyokanyagwa siku ile, akiyaponya upya.

"Mama, nimekuja kukushukuru kwa kitambaa. Hakipitishi hata nyota. Nataka nikupige picha peke yako, bure, uitundike humu."

"Vizuri. Piga."

"Itabidi uache kushona kidogo. Utulie."

"Magunia haya yanaondoka na treni ya mchana."

"Lakini ukitikisika hutatoka, mama. Utakuwa ukungu mtupu."

Juu ya lundo Mzigo alifumbua jicho moja kuona mambo yatakavyokwenda, akalifumba tena, maana alikuwa anajua. Cherehani alitia uzi kwenye shazia, akaukaza kwa meno, akalivuta gunia jingine mapajani.

"Nimeshasimama kwa ajili ya sanduku lako mara moja," akasema, mkono tayari unakwenda. "Sasa zamu yake. Lijifunze kukimbia."